Hiyo Kelele ni Mimi

Pangala, 6 Machi 2011

Semuel,

Salamu zimo humu ndani ya karatasi, zitafute mwenyewe. Nina haraka. Dereva wa basi la Makassar anakunywa kahawa yangu, na akimaliza kikombe ataondoka.

Nimekufungia diski. Nimeizungushia saruni ya babu yako isije ikavunjika njiani, na hiyo saruni nirudishiwe, nisije nikasikia imekuwa pazia la chumba chako. Diski ni ile ya maombolezo ya mama yangu, ya mwaka 2004. Huwezi kuisahau, wewe ndiwe uliyekula maini ya nguruwe yakakuharisha mbele ya wageni. Sasa inakwama. Inafika katikati, picha inaganda, babu yako anabaki mdomo wazi kama kambare, halafu deki inaunguruma na kunitemea diski. Mjomba wako Duma anasema deki ni mbovu. Nimemwambia mbovu ni yeye, mbona diski za kwaya zinacheza?

Babu yako bado mgonjwa. Huu ni mwaka wa tatu tangu pumzi imwache, na mpaka nyati wake waanguke hakuna wa kumwita maiti, na kila asubuhi nampelekea kahawa yake na sigara yake ya karafuu kule chumba cha kusini. Jioni nilikuwa namwekea hiyo diski, maana mtu kulala tu bila kuona kitu ni mateso. Sasa jioni zake hazina kitu.

Mjomba wako na wazee wa ukoo wanataka tumuage Agosti hii, azikwe. Nyati wa kuchinja wapo, mama yako ameshasema atapanda meli kutoka Papua. Nimewaambia hapana. Atakayeongoza duara la wanaume wa kuimba ni mzee Sampe, na Sampe hajui kumwimbia mtu kama babu yako Palinggi alivyokuwa akiimba. Ajifunze kwanza. Atajifunzia wapi? Kwenye diski. Diski inacheza? Haichezi. Basi hakuna Agosti.

Wewe kazi yako ni kupiga picha za harusi, na mama yako anajisifu mpaka kanisani kwamba mwanawe anaijua kompyuta. Haya, tuone. Nitolee nakala. Iwe nzuri, si kama zile za sokoni ambazo watu wana nyuso za uji. Na usinipigie simu. Simu ya mjomba wako inanifanya nipayuke kama nafukuza kuku, na kijiji kizima kinajua mambo yangu.

Bibi yako,
Lai Sattu, mke wa Palinggi


Makassar, 19 Machi 2011

Bibi, shikamoo.

Nimepokea diski, haikuvunjika. Nakala hiyo hapo, nimekuwekea na jalada lenye picha ya nyumba yetu.

Nikueleze nilivyofanya ili usinigombeze bure. Diski yako ni ya tabaka mbili, imebeba mambo mengi. Diski tupu nilizonazo ni za tabaka moja, zinabeba kama nusu yake. Hapo mtu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyabana yote yaingie, na yakibanwa picha inaharibika, nyuso zinakuwa viraka viraka. Ya pili ni kupunguza kitu ili kilichobaki kiwe safi. Nimechagua ya pili. Nimetoa ile sehemu ndefu ambapo wanaume wanazunguka tu, karibu saa nzima, hakuna kinachotokea. Hata kompyuta ilikuwa inasita hapo. Yaliyobaki yametoka vizuri sana. Yule nyati mwenye mabaka utamwona kila unywele.

Msalimie Babu. Mwambie nitakuja nikipata nafasi.

Mjukuu wako,
Semuel


Pangala, 27 Machi 2011

Semuel,

Wewe mtoto, babu yako umempeleka wapi?

Niliwaita majirani. Nilikoroga kahawa birika zima. Nilimwinua babu yako nikamwekea mto wa pili mgongoni, nikamwambia, mzee, tazama, mjukuu wako ametuletea. Tukakaa. Nyati. Wageni. Nyati. Mchungaji anakohoa. Nguruwe. Nyati tena. Halafu ghafla mama yangu yuko kwenye pango la kaburi na mlango umefungwa! Nani alimwimbia? Alifika vipi huko? Mke wa jirani akaniuliza, "Lai Sattu, kwani mama yako alizikwa kimyakimya kama paka?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Hakuna kinachotokea, ati! Wanazunguka tu! Wewe umeishi mjini mpaka umekuwa mpumbavu? Wale wanaume wanamsimulia mtu maisha yake tangu tumboni mwa mama yake, wanamshika mkono wanampeleka mpaka anakokwenda. Nyati wanakuja kwa ajili ya duara, duara halikuja kwa ajili ya nyati. Na aliyekuwa akiongoza ni nani? Umemkata babu yako ukaniachia ng'ombe wa maji! Nyati wale niliwaona wakiwa hai, nikawaona wakianguka, nikawala. Unadhani nina shida na unywele wao?

Kisha unaniambia umechagua. Nilikutuma kuchagua mimi? Mtu akikupa mtoto umbebee, unabeba mtoto mzima. Huachi mguu mmoja nyumbani kwa sababu gunia ni dogo. Tafuta gunia kubwa.

Nirudishie wale wanaume. Na saruni.

Bibi yako,
Lai Sattu, mke wa Palinggi


Makassar, 1 Mei 2011

Bibi, shikamoo, na unisamehe.

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nahangaika. Sikukwambia yote. Pale kwenye duara kompyuta haikusita tu, ilishindwa kabisa, nikaona aibu kukueleza. Diski ya tabaka mbili ni kama kitunguu. Taa inasoma ganda la kwanza, likiisha inarukia la pili. Duara la wanaume limeanzia pale pale taa inaporuka, na hapo ndipo unyevu wa Pangala umeingia. Nilipanguza kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, maana ukipanguza kwa kuzungusha unaiua. Ikakataa. Kompyuta ya studio ikakataa, ya rafiki yangu ikakataa.

Mwishowe nikampelekea Daeng Naba, mzee mmoja fundi wa redio na deki karibu na bandari. Ana mashine kuukuu yenye kelele kama kinu. Akasema, "Hizi zenu mpya zina papara. Zikikosa neno moja zinakimbia. Hii yangu ikikosa inarudi kuuliza." Ikarudi kuuliza mpaka wiki ikaisha. Bibi, imetoka. Duara zima!

Na safari hii nimeishughulikia kama harusi ya mkuu wa wilaya. Nimenunua diski ya tabaka mbili, sikubana kitu. Nimelainisha picha, zile chembe chembe zimeondoka. Sauti ilikuwa na mvumo wa upepo, na kuna mtu alikuwa anapiga kelele karibu na kamera akaharibu wimbo. Nimeisafisha. Sasa unasikia wimbo peke yake.

Mjukuu wako,
Semuel


Pangala, 9 Mei 2011

Semuel,

Hiyo kelele ni mimi.

Kaa chini nikueleze, maana siku ile wakati jambo lenyewe linatokea wewe ulikuwa chooni na maini yako.

Nilikuwa nimekaa kwenye jukwaa la ghala la mpunga. Babu yako anaongoza. Unajua wanavyosimama, kila mtu vidole vyake vimenaswa kwenye vidole vya mwenzake huku na huku, hakuna mkono ulio huru. Naona saruni yake inalegea. Inashuka kidogo. Inashuka tena. Yeye anaimba tu, macho amefumba, anamwimbia mama yangu. Nikapiga kelele: "Palinggi! Saruni! Utamwonyesha mama yangu nini siku yake ya mwisho?" Akafumbua macho, akajitazama, akacheka. Mbele ya ukoo mzima, katikati ya msiba, akacheka kile kicheko chake cha puani. Duara lote likacheka. Ubeti mmoja ukapotea pale pale, haukuimbwa. Kisha akavuta pumzi akaendelea na ubeti uliofuata, na saruni ikajizuia yenyewe kwenye nyonga. Mama yangu alienda huko na ubeti mmoja pungufu, na najua hakuchukia, maana yeye ndiye aliyenifundisha kupiga kelele.

Sasa wewe umeninyamazisha. Babu yako anacheka bure kama mwehu, hakuna anayejua anacheka nini. Na kicheko chenyewe umekikuna kikabaki mkwaruzo!

Na uso wake, Semuel. Alama zake za ndui ziko wapi? Kovu la kwenye nyusi, alilolipata kwa mwanzi, liko wapi? Umempaka poda. Umemfanya bibi harusi. Yai lililochemshwa lina makunyanzi mengi kuliko huyo mtu wako. Nilimwekea jioni, nikamwambia, mzee, sijui huyu ni nani, tumvumilie.

Sikukuomba usafishe. Hapa nyumbani nafagia mwenyewe. Nilikuomba nakala.

Saruni?

Bibi yako,
Lai Sattu, mke wa Palinggi


Makassar, 29 Mei 2011

Bibi, shikamoo.

Safari hii sikugusa kitu. Nimechukua kile kile kilichotoka kwenye mashine ya Daeng Naba nikakihamisha kama kilivyo: chembe, upepo, kovu, na wewe. Nimechoma nakala mbili, ya kwako na ya Sampe, tena kwa mwendo wa polepole ili zishike. Ya tatu nimeiweka kwenye kompyuta, ya nne kwa Daeng Naba, ili nyumba moja ikiungua Babu abaki kwenye nyingine. Zako usiziweke dirishani. Jua linakula diski, na unyevu unakula diski, na mjomba Duma anaweka vikombe juu ya diski.

Niliposikia ulivyopayuka nilicheka mpaka wenzangu wa studio wakaja kuangalia. Kisha nikairudisha, nikaitazama tena, na tena. Sikuwahi kumtazama Babu muda mrefu hivyo alipokuwa ananitazama.

Lakini kwa kuwa picha sasa ni kamili, nimeona jambo. Bibi, usinikasirikie. Wa tatu kushoto kwa Babu ni Sampe. Mdomo wake unakwenda neno kwa neno, pengine unamtangulia Babu. Na Babu alipocheka, Sampe peke yake aliuanza ule ubeti, kisha akaona wengine wamenyamaza, akaumeza. Anaujua wimbo wote.

Basi Sampe hana cha kujifunza. Tunamchelewesha Babu kwa sababu gani?

Mjukuu wako,
Semuel


Pangala, 12 Juni 2011

Semuel,

Nilikutuma utoe nakala, sikukutuma uchungulie.

Ndiyo, Sampe anaujua. Aliujua kabla mama yako hajaota meno. Na mimi najua kwamba anaujua, na mjomba wako anajua, na wazee wanajua, ila wao wana adabu, wamenyamaza. Wewe ndiye mwenye kompyuta. Umeridhika?

Sasa sikiliza, na ukimsomea mtu barua hii nitakulaani. Mgonjwa ana mke. Asubuhi naamka kwa sababu kuna mtu wa kupelekewa kahawa. Nikigomba, namgomba mtu aliyemo ndani ya nyumba. Mvua ikivuja namwambia, si nilikwambia ubadilishe mianzi ile? Nyati wa kwanza akianguka, watamgeuza kichwa kusini, na kuanzia hapo yeye ni maiti na mimi ni mjane. Kahawa nitampelekea nani? Paka?

Diski ikiwa mbovu, nilikuwa na sababu. Ukaileta bila duara, nikashukuru Mungu huku nakutukana. Ukaileta na poda, nikashukuru tena. Nikasema huyu mjukuu wangu mjinga, Mungu amzidishie ujinga, atanifikisha mwaka mwingine.

Kisha umeleta hii.

Niliiweka jana, mimi na yeye tu. Imekuja kamili. Nimeona hata ufa wa kikombe nilichokuwa nimeshika. Nimejisikia napayuka, nimemwona anafumbua macho, kile kicheko kikatoka puani kama kilivyokuwa. Nikageuka nimwambie, umejiona ulivyokuwa hovyo? Nikamtazama pale alipolala. Nikatazama televisheni. Nikamtazama tena.

Zamani ile diski ilipokuwa na ukungu, walifanana. Picha mbovu ina huruma, Semuel. Sasa hawafanani.

Nimemwambia mjomba wako aweke tarehe. Wiki ya pili ya Agosti. Akalia, jitu zima, akajifanya ni moshi wa jikoni. Sampe amechukua nakala yake, anawafundishia vijana kila Jumamosi, maana wengi wa wale wa 2004 hawapo au hawana magoti.

Wewe utasimama ndani ya duara. Usije na kamera, kamera tumempa mtu wa Rantepao. Njoo na vidole vyako. Na kwa kuwa saruni hukuirudisha, mwizi mkubwa wewe, utaivaa.

Bibi yako,
Lai Sattu, bado mke wa Palinggi


Pangala, 4 Septemba 2011

Semuel,

Diski hii ni ya babu yako. Yule mpiga picha wa Rantepao alitaka kuijaza nyimbo za kinanda ili ichangamke. Nilimwambia akijaribu nitamfuata na mchi. Amenipa yote kama yalivyo, tabaka mbili, nimeizungushia kanga ya kawaida, maana saruni unayo.

Nakutumia utoe nakala, lakini kwanza nikueleze ulichokosa kuona, kwa kuwa ulikuwa umenaswa vidole na macho yako yalikuwa miguuni, unahesabu hatua kama mtu anayevuka mto.

Mimi nilikaa pale pale, jukwaa la ghala la mpunga. Vijana waliimba. Sikutegemea, nakwambia. Wamejifunza vizuri, tena wamejifunza vizuri kupita kiasi, kwa sababu nakala yako haikuacha kitu. Walipofika kwenye ule ubeti, hawakuuimba. Wote mkanyamaza. Miguu inakwenda, midomo imefungwa, kama ulivyoachwa siku ile. Hawajui kuwa ulipotea. Kicheko wamekiacha kwa kuwa ni msiba, ila wanadhani wimbo ndivyo ulivyo, hapo watu hunyamaza. Nilimwuliza Sampe baadaye, wewe ubeti unaujua, mbona hukuwasahihisha hawa watoto? Akasema, "Mama, Palinggi ndivyo alivyouimba."

Basi wamenyamaza, na mimi natazama, naona mgongo wako, naona ile saruni inalegea. Inashuka kidogo. Inashuka tena. Kinywa hiki hakijawahi kuniomba ruhusa. Nikapayuka: "Palinggi! Saruni!"

Ulisikia. Kila mtu alisikia. Mama yako akanishika mkono, akamnong'oneza Duma, amechanganyikiwa, mleteeni maji. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa nangoja acheke.

Nilingoja. Miguu yenu ikazunguka, vumbi likapanda. Hakucheka mtu. Kisha Sampe akavuta pumzi, mkaendelea.

Hapo ndipo babu yako alipokufa, Semuel. Si ile siku pumzi ilipomwacha. Si nyati alipoanguka, wala walipomgeuza kichwa kusini. Hayo yote niliyatazama kama mambo ya watu. Alikufa pale, baada ya mimi kupiga kelele. Nikakubali maji, nikanywa, na kwa mara ya kwanza nikalia kama wanavyolia wenzangu.

Asubuhi bado nakoroga kahawa vikombe viwili. Cha pili nakinywa mimi, na kinaninyima usingizi, na hilo nalo namlaumu yeye.

Sasa kazi. Nataka nakala kama zile za mwisho: ya kwangu, ya mama yako huko Papua, moja kwako, moja kwa yule mzee mwenye mashine inayouliza, mpe na hii kahawa. Utafika mahali hapasikiki kitu ila miguu. Halafu nasikika mimi. Halafu hapasikiki kitu tena, kwa muda mrefu kidogo. Kompyuta yako itadhani diski imeharibika. Haijaharibika. Usikate hapo, usipasafishe, na usipatilie wimbo.

Saruni kaa nayo. Ila jifunze kufunga fundo.

Bibi yako,
Lai Sattu, mjane wa Palinggi